Dhamana Pasipo Dhambi

Wanazuoni wa Basra na Baghdad, katika zile karne za mwanzo za Uislamu ambapo elimu ya kalam, ile ya hoja za itikadi, ilikuwa bado ikitafuta njia yake, walibishana muda mrefu juu ya suala ambalo mtu wa sokoni angeliona halimletei faida wala hasara: je, tendo ovu ni ovu kwa asili yake, au ni ovu kwa kuwa limekatazwa? Mutazila walishika kwamba ubaya umo ndani ya tendo lenyewe, na kwamba akili timamu yaweza kuutambua hata kabla ya wahyi kushuka. Waashari, wakichelea kumfunga Mola kwa vipimo vya waja Wake, wakajibu kuwa hapana jema wala baya ila kwa amri. Sikusudii kuamua kati yao, kwa maana waliotuzidi elimu sisi sote hawakuafikiana. Nataka kuonyesha tu kwamba suala hilo halikubaki vitabuni, na kwamba katika bonde la Mathare, mashariki ya Nairobi, watu wasiopata kulisikia jina la Mutazila huhukumiwa kila juma kwa jibu lake, na aghalabu jibu lenyewe huwa ni la Waashari bila ya uchaji wao.

Itazame barabara ya Juja alfajiri, kuanzia Mlango Kubwa kuelekea Huruma. Mwanamke ameinjika karai la mafuta juu ya jiko la makaa. Unga ameuumua tangu usiku, maji ameyanunua kwa mtungi wa lita 20 kwa kuwa bomba hana, na sabuni imo ndani ya beseni chini ya meza. Katika mfuko wa nailoni uliotundikwa msumarini kipo cheti chake cha afya, ambacho hana budi kukifanya upya kila baada ya miezi sita, akapimwe choo, alipe ada, angoje mstarini nusu ya siku ambayo hakuuza hata andazi moja. Likisimama gari la askari wa kaunti, ambao huko hapana awaitaye ila kanjo, mazungumzo huwa mafupi.

“Mama, cheti?”

“Hiki hapa, mkubwa.”

“Mbona kimeisha wiki jana?”

“Nilikuwa niende Jumatatu, mtoto akaugua.”

“Panda gari.”

Hapo ndipo jirani hujongea akamvuta askari kando, na linalosemwa kando haliandikwi katika daftari lolote. Akikosa wa kumsemea, mama huyo atalala seli, na kesho yake atasimama kizimbani katika safu moja na mwizi wa simu na mtu aliyemvunja mwenziwe taya. Mandazi yake ya leo ni yale yale ya juma lililopita; mikono ni ile ile na maji ni yale yale. Lililobadilika ni tarehe, na kwa ajili ya tarehe ameingizwa katika kundi ambalo lugha ya sheria huliita la wahalifu.

Mtu asidhani kwamba naidharau kanuni yenyewe. Kipindupindu si hekaya mjini Nairobi, na mwenye kula chakula kilichonajisika haulizi niya ya aliyekipika. Tumbo halina kadhi wa kupima makusudi. Hii ndiyo hoja kubwa ya wale wanaotaka jinai ibaki pale pale ilipo, nami nakiri kwamba ni hoja nzito, kwa sababu madhara ya siha yana tabia ya kuenea kimya kimya, na yakishadhihirika huwa yamekwisha kuwapata wasiokuwa na hatia. Lakini na tukumbuke yaliyotukia mwaka 2017, pale wajumbe waliokusanyika katika hoteli kubwa ya jijini kwa ajili ya mkutano wa mambo ya afya (ya afya, msomaji!) walipopatwa na kipindupindu, wao ambao hawakula kibandani bali mezani. Waziri wa Afya wa siku hizo, Dkt. Cleopa Mailu, alifuta vyeti vya wahudumu wa chakula na kuamuru wapimwe upya. Kwa amri hiyo serikali yenyewe ilikiri kwamba karatasi ambayo kwa kuikosa watu walikuwa wakipelekwa mahakamani haikuwa ushahidi wa kutosha juu ya usafi wa mkono ulioishika. Basi ikiwa kuwa nacho hakuthibitishi usafi, kutokuwa nacho kutathibitishaje uovu?

Sheria hii ina nasaba yake. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, mji ungali mchanga, soko la Wahindi lilichomwa moto kwa amri ya tabibu wa serikali. Na miaka kumi na kitu baadaye akaletwa kutoka Uingereza Profesa William Simpson kuchunguza hali ya afya ya miji ya Afrika Mashariki, naye akapendekeza kwamba watu watengwe makazi kwa rangi zao, kana kwamba viroboto husoma ramani za wapima ardhi. Mwaka 1921 ikatungwa Sheria ya Afya ya Umma, ambayo baada ya marekebisho mengi ingali ikitumika, nayo ni Sura ya 242 ya sheria za Kenya. Sisemi kwamba haikuokoa watu; imewaokoa. Nasema ilizaliwa katika nyumba ambamo maskini alidhaniwa kuwa ndiye maradhi, na mtoto hachagui nyumba ya kuzaliwa, lakini hurithi mwendo wa waliomlea.

Mwendo huo ulionekana wazi mwaka 2020. Kafyu iliyotangazwa kwa ajili ya korona ilianza tarehe 27 Machi, na siku tatu baadaye mvulana wa miaka 13, akiwa katika roshani ya kwao Kiamaiko, humo humo katika eneo la Mathare, aliuawa kwa risasi wakati polisi wakitekeleza amri iliyowekwa ili kuhifadhi uhai. Kanuni za mwaka ule zilimwekea asiyevaa barakoa hadharani faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili pamoja, ilhali wako wengi katika bonde lile ambao shilingi 20,000 hawajapata kuzishika kwa mkono mmoja. Tena waliokamatwa nje usiku wakapelekwa karantini kwa nguvu. Na hivyo karantini, ambayo katika fikra ya tabibu ni ihsani ya mgonjwa kwa jirani yake, ikawa katika fikra ya raia ni gereza lenye jina la hospitali. Baada ya hapo, nani angekwenda kwa hiari yake kupimwa? Mtu aliyefundishwa kumwogopa Bwana Afya kuliko anavyoyaogopa maradhi atayaficha maradhi, na hapo sheria itakuwa imeyapa maradhi mahali pa kulala.

Kisa cha Kapsabet ni dalili iliyo wazi zaidi, nacho kimo katika kumbukumbu za Mahakama Kuu. Mwaka 2010 watu wawili waliokuwa na kifua kikuu, kwa kuacha kumeza dawa kama walivyoelekezwa, walishitakiwa chini ya kifungu cha 27 cha Sheria ya Afya ya Umma, na hakimu akaamuru wazuiliwe miezi minane ili matibabu yao yakamilike; na mahali walipopelekwa palikuwa gerezani. Fikiri, ewe msomaji, juu ya hekima ya kumchukua mtu ambaye hofu yetu yote kwake ni pumzi yake, ukamweka katika chumba ambamo wafungwa hulala ubavu kwa ubavu wakivuta hewa moja. Walikaa humo takriban mwezi mmoja na nusu kabla ya kuachiliwa kwa amri ya mahakama, na ilipofika Machi 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa gerezani kwa jina la matibabu kulikiuka Katiba, akaiagiza serikali itunge sera ya kuwatenga wenye maradhi ya kuambukiza kwa njia inayolinda utu wao. Hakusema kwamba mgonjwa ana haki ya kuwaambukiza wengine. Alikataa tu kwamba gereza ni dawa.

Hapa yafaa turudi kwa mafakihi, kwa kuwa wao walikuwa na chombo ambacho mabunge yetu yamekisahau. Waliitenganisha dhambi na dhamana. Aliyelala akageuka usingizini akavunja chombo cha mwenziwe hana dhambi hata chembe, wala hapana awezaye kumwita mhalifu, lakini chombo atakilipa. Na mtoto mdogo aliyeharibu mali ya watu haandikiwi kosa mbele ya Mola, na juu ya hayo fidia hutolewa katika mali yake. Haki ya aliyedhurika haikupotea kwa sababu aliyedhuru hakukusudia, wala aliyedhuru hakuvunjiwa heshima kwa sababu kuna haki ya kulipwa. Na lililo karibu zaidi na mada yetu ni ile hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wenziwe, ambayo humtia dhamanani mtu ajitiaye utabibu hali hakujulikana kuwa na elimu yake: akidhuru, atadhamini. Wako waliomwongezea mjinga huyo kipigo na kifungo, nao walikuwa na sababu yao, kwamba amewaghuri watu kwa kujua. Yaani adhabu iliongezwa pale tu ulipoongezeka udanganyifu.

Walikuwa pia na mtu wa kusimamia mambo hayo, naye ni muhtasib, ambaye Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alimweka mahali pa peke yake: hakuwa kadhi wa kusikiliza kesi zenye ubishi, bali mtu wa kushughulikia lililo dhahiri machoni pa watu. Katika karne ya 12 Al-Shayzari wa Sham aliandika kitabu cha kumwongoza, akapanga milango ya wapishi, wachinjaji, wauza dawa na matabibu, akaeleza jinsi vyombo vinavyopasa kusafishwa na jinsi dawa zinavyoghushiwa, kwa undani ambao mkaguzi yeyote wa leo angefaidika nao. Na Al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliipanga kazi ya kukataza maovu kwa daraja: kwanza kumjulisha asiyejua, kisha kumnasihi kwa upole, kisha maneno makali, kisha kuliondoa lile ovu kwa mkono, na mbali sana huko juu ndipo penye vitisho na kipigo, tena akaharimisha kupeleleza. Askari wetu wa Mathare huanzia pale Al-Ghazali alipomalizia. Anapanda ngazi kutoka juu, na daraja ya kwanza, ile ya kumwambia mama kwamba cheti chako kimekwisha na zahanati ya karibu hufunguliwa saa mbili, haimpitikii kabisa.

Wakazi wengi wa Mathare ni Wakristo, nao hawahitaji kukopa kwa Al-Ghazali. Wanafunzi wa Yesu walipopita katika mashamba ya nafaka siku ya Sabato, wakavunja masuke kwa sababu ya njaa, Mafarisayo waliona kanuni iliyovunjwa, naye akawakumbusha Daudi aliyekula mikate mitakatifu alipokuwa na njaa. Kadhalika khalifa Umar, mwaka wa ukame mkubwa katika Bara Arabu, takriban mwaka 639, aliisimamisha adhabu ya wizi, ambayo si kanuni ya baraza la mji bali ni amri ya Kitabu. Kama amri ya Kitabu iliweza kungoja watu washibe, sijui ni kwa utukufu gani kanuni ya cheti haiwezi kungoja Jumatatu.

Wakati wetu hatukosi watu walioanza kuliona jambo hili. Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, katika ukaguzi wake wa mfumo wa jinai wa Kenya uliotolewa mwanzoni mwa mwaka 2017, lilidhihirisha kwamba sehemu kubwa ya mashauri ni makosa madogo madogo, kama ya kufanya biashara bila leseni na ya ulevi. Mwaka huo huo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilipitisha misingi ya kuyaondolea jinai makosa hayo, nayo inataja hata kukojoa na kufua nguo hadharani na uchuuzi wa barabarani; na mwezi Desemba 2020 Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ikatoa rai yake kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika. Nje ya bara letu, India ilipitisha mwaka 2023 sheria iliyolegeza au kuondoa adhabu za jinai katika vifungu 183 vya sheria 42, na miongoni mwake zimo za dawa, za wafamasia na za usalama wa chakula.

Mfano wa India, hata hivyo, unanitia hadhari. Mwaka uliotangulia, Shirika la Afya Duniani lilizihusisha dawa za maji za watoto zilizotengenezwa huko na vifo vya watoto 66 nchini Gambia, na wako Wahindi wengi waliouliza, nami naona waliuliza kwa insafu, kama huo ulikuwa wakati wa kuwalegezea kamba watengenezaji wa dawa. Neno “dogo” ni rahisi kulitamka, na mwenye kiwanda hulitamka kwa ufasaha kuliko mwenye karai. Nikichukua mfano wa karibu: huko Mathare utakuta kemisti mbili zinazotazamana. Mwenye ya kwanza amechelewa kulipia leseni yake, lakini dawa zake zatoka kwa muuzaji anayejulikana, na mgonjwa mwenye kuhitaji tabibu humwambia aende hospitali. Mwenye ya pili ana kila karatasi ukutani ndani ya fremu, naye ajua fika kwamba vidonge vya malaria alivyonunua kwa bei ya kutupa ni chokaa iliyopakwa rangi. Sheria inayoanzia kwenye karatasi itamshika wa kwanza na kumsalimu wa pili. Huyu wa pili simwombei msamaha wowote; ana ujuzi, ana ikhtiari, ana tamaa, na tendo lake ni ovu hata kwa hesabu ya Mutazila waliokuwa wakali kuliko wote katika kudai sababu. Jinai na imshukie kwa uzito wake wote. Lakini Bodi ya Famasia na Sumu ina wakaguzi wenye hesabu, na kila saa inayotumika kufukuza tarehe ni saa ambayo haikutumika kufungua kopo na kupima kilichomo.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni kufuta kifungo na kubakiza faini. Sikubaliani nao kwa wepesi huo. Katika mahakama za Makadara, ambako watu wa Eastlands, yaani mitaa ya mashariki ya Nairobi, hupelekwa, hukumu husomwa kwa kiungo kidogo kilicho na nguvu kubwa: faini ya kadhaa, au, kwa kushindwa, kifungo cha kadhaa. Kiungo hicho ndicho kinachoamua yote. Kwa mwenye hoteli, faini ni gharama mojawapo ya biashara, nayo huandikwa kitabuni chini ya mishahara na umeme; kwa mama wa mandazi, maneno yale baada ya “au” ndiyo hukumu yenyewe, na yaliyotangulia ni mapambo. Kosa moja, sheria moja, na adhabu mbili, moja ya fedha na moja ya mwili, zinazogawanywa kwa kipimo ambacho Katiba haikukitaja. Kifungo kikiondoka katika mlango wa mbele kisha kikaingia kwa mlango wa faini, hatujaondoa jinai, tumeibadilisha nguo. Kenya ina sheria ya huduma kwa jamii tangu mwaka 1998, na kazi ya usafi haikosekani Mathare. Lakini hata hiyo ni adhabu, na swali langu bado ni kama palikuwa na la kuadhibiwa.

Dhamana yataka jambo jingine. Yataka kwamba aliyechelewa kupimwa apimwe, papo hapo ikiwezekana. Kwamba kibanda kilicho kichafu kisimame kazi mpaka kisafishwe, kama vile London mwaka 1854, kwa ushauri wa Dkt. John Snow, ulivyoondolewa mpini wa pampu ya Broad Street na hapana mtu aliyetiwa pingu. Na kwamba mlaji aliyedhurika alipwe. Lakini kanuni hiyo, ukishaikubali, haikomi kwa mwanamke mwenye karai, na nadhani hiyo ndiyo sababu wenye mamlaka hawaichangamkii. Maana ikiwa dhamana haihitaji niya mbaya, basi haitafaa kitu kaunti kusema kwamba haikukusudia watu wa Mathare wakose maji. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na ya kiwango cha usafi kinachokubalika; na ofisi iliyopokea ada ya cheti, na ada ya leseni ya biashara, na ada ya kupimwa, kutoka kwa mtu yule yule, imekwisha kuingia naye katika muamala, nayo haikumfikishia bomba. Mama wa mandazi amechelewa wiki moja. Hakimu atakapomtoza, na amwulize pia afisa aliyeileta kesi, mama huyo akiwapo na kusikia, ni mwaka gani maji ya kunawia yatafika kwenye kibanda chake, na mpaka yatakapofika ni nani atakayemlipia ule mtungi wa lita 20. Na jibu, lolote litakalokuwa, liandikwe katika jalada lile lile la mashtaka.